Sindano Isiyo na Jina

Shangazi yangu huuza nguo za watoto katika soko la Gikomba, na kazi yake yote hufanyika chini. Robota likifunguliwa alfajiri huchuchumaa, akachambua, akasimama kumhudumia mteja, akachuchumaa tena. Zaidi ya miaka ishirini ya kazi hiyo imelila goti lake la kulia. Kama wagonjwa wengi wa Nairobi, ana daftari la shule analolibeba kila anapokwenda kutibiwa, na jina lake limeandikwa pale juu ya jalada panapokaa jina la mwanafunzi. Ndani ya daftari hilo, kati ya mwezi wa Pili na mwezi wa Kumi mwaka jana, kuna tarehe nne zilizoandikwa na mkono mmoja, katika kliniki moja ndogo ya mtaani. Mbele ya kila tarehe kuna neno moja tu: sindano.

Jina la dawa halimo. Kipimo hakimo. Wala haijulikani kama ilidungwa gotini, begani au takoni.

Sukari yake, iliyokuwa imetulia kwa vidonge miaka mitatu, ilipanda mwezi wa Kumi na Moja hadi akawa anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, na koo halikomi kuwa kavu. Uso ulikuwa umejaa na kuwa mviringo. Sisi jamaa zake tulikuwa tukimwambia amenawiri. Daktari wa hospitali ya umma tuliyompeleka alimtazama kwa muda, akafungua daftari, akazisoma zile tarehe nne, kisha akauliza.

"Mama, hizi zilikuwa sindano za nini?"

"Za goti, daktari."

"Dawa gani?"

"Ya goti."

Nilipiga simu kule kliniki nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Niliambiwa kwamba ile ni dawa ya mifupa na kwamba mama atulie. Kesho yake nikaenda mwenyewe. Mhudumu alinipokea kwa adabu, akavuta droo, akanionyesha kichupa kidogo: triamsinoloni, miligramu 40. Alikuwa akiidunga takoni. Hakukuwa na dalili ya mtu anayeficha jambo. Aliniambia kwamba katika miaka yake ya kazi, mimi nilikuwa wa kwanza kumwuliza jina la kile kilichomo ndani ya sindano.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Triamsinoloni ni kortikosteroidi, au steroidi kwa kifupi, na sitaki msomaji aondoke hapa akiiogopa jamii hiyo ya dawa, kwa kuwa imeokoa watu wasiohesabika. Ninachodai ni kwamba mtu asitoke katika chumba cha sindano hapa Nairobi bila jina la dawa, kipimo, tarehe na mahali ilipoingia, vyote vimeandikwa kwa mwandiko unaosomeka. Kwa dawa hii kuliko nyingi nyingine, faida na madhara hutegemea mambo ambayo atakayekutibu kesho lazima ayajue.

Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha aina hii kila siku. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, tezi za adrenali, hutoa kotisoli, homoni inayotuwezesha kuamka asubuhi, kuhimili njaa, jeraha na homa, na kuzuia kinga ya mwili isiuchome mwili wenyewe. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke mwenye baridi yabisi kali dutu ambayo mwenzake Edward Kendall alikuwa ameitenga kutoka tezi hizo. Mgonjwa yule hakuweza hata kutembea vizuri. Baada ya takriban wiki moja alikuwa madukani akinunua vitu. Dutu hiyo ikaitwa kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa Tuzo ya Nobel. Haikuchukua muda, madaktari walewale wakaanza kuona upande wa pili: nyuso kuvimba, mifupa kudhoofika, na maumivu kurudi dawa ilipokatizwa.

Kuna jambo moja ambalo hata asiyesoma udaktari anaweza kuliona kwa macho. Steroidi za sindano zipo za aina mbili. Za kwanza ni angavu kama maji: deksamethasoni, haidrokotisoni. Hizi huingia haraka na kutoka upesi, na ndizo za dharura. Za pili ni nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, na muuguzi hulazimika kutikisa kichupa kabla ya kuvuta, kwa sababu dawa hutuama chini: triamsinoloni, na ile aina ya methilipredinisoloni inayodungwa kwenye viungo. Weupe ule ni chembechembe ndogo zisizoyeyuka upesi. Zikishaingia mwilini hukaa kama ghala na kutoa dawa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ukikuta sindano yako imefanana na maziwa, jua kwamba utaondoka nayo kliniki, utalala nayo, na utakuwa nayo mwezi ujao.

Kwa hiyo nianze na wema wake, na niuseme kwa uzito unaostahili.

Mtoto aliyebanwa na pumu usiku wa baridi ya mwezi wa Saba, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, hupewa dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, na pamoja nayo steroidi, kwa mdomo akiweza kumeza, kwa mshipa asipoweza. Steroidi ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya mapafu ili shambulio lisirudi alfajiri. Kwa mtu aliyevimba koo kwa mzio, dawa ya kwanza ni adrenalini, na steroidi huja baadaye kusaidia. Atakayekudunga steroidi peke yake huku koo linaziba amekosea, hata kama alikuwa na haraka ya kukuokoa. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu hupewa deksamethasoni pamoja na dawa za kifua kikuu, na hiyo huokoa maisha. Wakati wa korona, mwezi wa Sita mwaka 2020, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni. Waliokuwa wakipumua wenyewe bila oksijeni hawakupata faida yoyote. Dawa ileile, ugonjwa uleule, hatua tofauti.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu Kenya imo ndani yake mara mbili.

Mwaka 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya siku akidungwa steroidi, mapafu ya mtoto tumboni hukomaa haraka, na mtoto huyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Ni moja ya tiba rahisi na za bei nafuu kabisa katika uzazi. Swali likabaki: je, itafanya kazi vivyo hivyo mahali ambapo hakuna kitengo cha watoto wachanga, wala kipimo cha kuaminika cha umri wa mimba?

Utafiti mmoja mkubwa, uliochapishwa mwaka 2015, ulifanyika katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Wahudumu wa ngazi zote walifundishwa kuwatambua akina mama waliokuwa hatarini na kuwadunga deksamethasoni. Matokeo yaliwaumiza moyo wote walioyasubiri. Katika maeneo yaliyopata mpango huo, vifo vya watoto wachanga viliongezeka, takriban 3.5 zaidi kwa kila watoto 1000, na maambukizi kwa akina mama yakaongezeka pia. Wengi waliodungwa hawakuwa wakijifungua kabla ya wakati. Watoto wao hawakuihitaji dawa hiyo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, yakaja matokeo ya utafiti mwingine, wa Shirika la Afya Duniani, safari hii katika hospitali 29 za nchi tano: Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Umri wa mimba ulipimwa kwa mashine ya picha, akina mama walikuwa kati ya wiki 26 na 34, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumtunza mtoto aliyezaliwa mapema. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni, na asilimia 23.5 kwa ambao hawakupata. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa dhahiri.

Nimezirudia tafiti hizi mbili mara nyingi, na kila mara naona kitu kilekile. Kichupa ni kimoja. Kilichobadilika ni kumjua anayedungwa, kujua yuko wiki ya ngapi, na kujua nani atamwangalia baadaye. Kwa dawa hii taarifa ni sehemu ya tiba, na sindano isiyo na taarifa ni nusu ya sindano.

Sasa turudi gotini.

Pita Kamukunji saa nne asubuhi usikilize nyundo za jua kali. Mtu anayefua bati na vyuma tangu ujana, akitengeneza masanduku na sufuria, ana kiwiko kinachouma kwa sababu inayoeleweka. Dereva wa matatu ana mgongo. Mama mboga ana kisigino. Fundi wa nguo ana kifundo cha mkono. Kwa watu hawa siku ya kupumzika ni siku ya kulala njaa, na sindano moja inayorudisha kazi kesho yake ina thamani ambayo daktari mwenye mshahara wa mwezi huenda asiielewe. Siwezi kumlaumu anayeiomba. Mara nyingine ni tiba sahihi kabisa: bega lililokakamaa, kidole kinachokwama, goti lililovimba ghafla, kovu lililotuna kupita jeraha lenyewe, lile linalowasumbua wengi wetu wenye ngozi nyeusi baada ya kutoboa sikio au kupasuliwa. Steroidi ikidungwa ndani ya kovu la namna hiyo hulilainisha na kulipunguza, polepole, ziara baada ya ziara.

Kwa goti lililochakaa, hata hivyo, nafuu ni ya wiki kadhaa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 140 kwa miaka miwili. Nusu walidungwa triamsinoloni miligramu 40 ndani ya goti kila baada ya miezi mitatu, nusu wakadungwa maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana. Gegedu, ule mto laini unaotenganisha mifupa ya goti, lilikuwa limepungua zaidi kwa waliopata steroidi: milimita 0.21 dhidi ya 0.10. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini gegedu lenyewe ni jembamba na halioti tena likiisha. Ndiyo maana madaktari wengi hawakubali kudunga kiungo kimoja mara kwa mara, na huacha angalau miezi mitatu kati ya sindano na sindano. Na mgonjwa anayetarajia kubadilishiwa goti kwa upasuaji anatakiwa akae karibu miezi mitatu bila sindano hiyo, kwani ikikaribiana na upasuaji hatari ya maambukizi huongezeka. Daktari wa upasuaji atazihesabuje siku hizo kwenye daftari lililoandikwa "sindano"?

Tena kuna tofauti kubwa kati ya sindano ya ndani ya goti na sindano ya takoni. Ya gotini hubaki zaidi pale ilipowekwa, ingawa kiasi fulani huvuja mwilini na kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ya takoni huenda mwili mzima. Shangazi hakuwa akitibiwa goti. Alikuwa akipewa, kila baada ya miezi michache, homoni iliyofika kwenye ini, mifupa, macho na ubongo wake, na goti likapata fungu lake humo humo.

Mwili ukipata steroidi nyingi kutoka nje, tezi zake za adrenali hupunguza kazi, na zikikaa bila kazi muda mrefu husinyaa. Siku mtu huyo akipata malaria kali, ajali ya bodaboda au upasuaji, mwili huitisha kotisoli na haipatikani. Presha hushuka, kichwa huzunguka, hutapika, anaweza kupoteza fahamu. Tiba yake ipo na ni rahisi, sindano ya haidrokotisoni, lakini sharti mtu awe na sababu ya kulifikiria jambo hilo. Kuna na mengine: presha kupanda, mtoto wa jicho, mifupa kuwa miepesi kuvunjika, kichwa cha mfupa wa nyonga kufa kwa kukosa damu, hedhi kuvurugika, usingizi kupotea. Si kila anayedungwa huyapata. Sindano moja kwa mtu mwenye afya mara nyingi hupita salama. Ni kurudiwa kusikohesabiwa na mtu ndiko kunakonitia hofu.

Jirani yangu, fundi wa nguo, alidungwa kwenye kifundo cha mkono karibu na kidole gumba. Maumivu yalikwisha. Miezi miwili baadaye pakatokea doa jeupe, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na ngozi ya pale ikawa nyembamba hadi mshipa unaonekana chini yake. Steroidi ikidungwa karibu sana na ngozi hufanya hivyo, na kwenye ngozi nyeusi doa huonekana mbali. Mara nyingi rangi hurudi, lakini inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Kwa miezi yote hiyo alivaa saa mkono wa kulia, akiamini amepata ugonjwa wa kuambukiza wa ngozi. Wateja wawili walikataa kumpa mkono. Sentensi moja kabla ya sindano ingemwondolea fedheha hiyo yote.

Wapo ambao kwao ukimya ni hatari zaidi ya fedheha. Steroidi huinyamazisha kinga, na katika jiji ambalo kifua kikuu kinatembea ndani ya matatu na vyumba vyetu, mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu anayedungwa "ya nguvu" anaweza kujisikia nafuu huku ugonjwa ukisambaa. Kuna pia wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wengi wao sasa wako kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambayo haina ugomvi na triamsinoloni. Lakini waliohamishiwa dawa za hatua ya pili, zile zenye ritonaviri, wako mahali pengine. Ritonaviri hulizuia ini lisiivunje triamsinoloni. Dozi ambayo kwa mwingine ingeisha kwa wiki chache hujikusanya, na sindano moja tu, hata ya gotini au ya mgongoni, inaweza kuleta uso wa mviringo, sukari na tezi zilizolala kwa miezi. Sasa fikiria: mtu huyu mara nyingi hamwambii mhudumu wa mtaani hali yake, kwa kuogopa macho ya watu. Mhudumu naye hamwambii jina la dawa. Wamekaa hatua moja kutoka kwa mwenzake, kila mmoja ameshika nusu ya habari ambayo ingemlinda mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku zote tumewaambia hivyo wagonjwa. Anayeficha dawa naye ana sehemu yake katika methali hiyo.

Kuhusu mgongo nitasema machache. Sindano ya steroidi karibu na uti wa mgongo ni kazi ya mtaalamu mwenye mashine ya kuona sindano inakwenda wapi. Mwezi wa Nne mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba sindano hizo, ingawa kwa nadra, zimewahi kusababisha upofu, kiharusi, kupooza na kifo. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2012, vichupa vya methilipredinisoloni vilivyotengenezwa katika kituo kimoja cha kuchanganya dawa huko Massachusetts, Marekani, viliingiwa na ukungu. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua na zaidi ya 60 wakafa, wengi kwa homa ya uti wa mgongo. Na mamlaka ziliweza kuwatafuta waliodungwa mmoja mmoja, karibu 14,000, kwa sababu kila kliniki ilikuwa na rekodi: nani alidungwa, lini, kutoka fungu gani la dawa. Najiuliza sisi tungeanzia wapi.

Kenya ina ushahidi mwingine mchungu wa ukimya huu, nao umeonekana dunia nzima. Wengi wetu tukisikia steroidi huwaza wanariadha na misuli, na kweli hizo za misuli ni jamii nyingine kabisa. Lakini triamsinoloni, hii hii ya goti la shangazi, iko kwenye orodha ya dawa zinazokatazwa wakati wa mashindano, na tangu tarehe 1 Januari 2022 katazo linahusu kila njia ya sindano. Mwezi wa Kumi mwaka 2022 kitengo cha uadilifu cha riadha duniani kilitangaza kwamba Wakenya 10 walikuwa wamekutwa nayo katika kipindi ambacho dunia nzima iliyobaki ilikuwa na wawili tu. Diana Kipyokei alinyang'anywa ushindi wake wa Boston Marathon wa mwaka 2021 na kufungiwa miaka sita, kwa dawa hiyo na kwa kuwasilisha nyaraka zisizo za kweli kuhusu matibabu. Sisemi wote walidungwa bila kujua. Kitengo kile kimeona udanganyifu, na lazima uitwe udanganyifu. Lakini mfumo ambamo sindano hutolewa bila karatasi humfunika mdanganyifu na humwangamiza asiye na hatia, kwa kuwa wote wawili hawana cha kuonyesha. Mwongozo wa shirika la kupambana na dawa hizo unamtaka mwanariadha aliyedungwa triamsinoloni kwenye misuli akae siku 60 kabla ya kushindana. Kama walinzi wa michezo wanaihesabia siku 60, muuza nguo wa Gikomba naye anastahili kuambiwa.

Nimezungumza na wahudumu watatu kuhusu jambo hili, na wote walinipa jibu linalofanana: mgonjwa akisikia steroidi ataogopa, atakwenda kliniki ya jirani ambako haambiwi kitu. Pia kwamba foleni ni ndefu, na kwamba watu wenyewe hudai sindano kwa sababu kidonge hawakiamini. Haya ni kweli. Nimekulia katika nyumba ambamo kutoka hospitalini bila kudungwa kulihesabiwa kuwa hujatibiwa. Hata hivyo woga wa mgonjwa ni jambo la kuzungumzwa naye. Haumpi mtu mwingine ruhusa ya kumwamulia gizani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa faida, hatari, gharama na matokeo ya tiba, amweleze haki yake ya kukataa, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kuliandika jina ni wajibu wa mhudumu. Maneno manne kwenye daftari huchukua muda mfupi kuliko kutikisa kile kichupa.

Na kwa anayesoma akiwa na miadi wiki hii: uliza jina kabla mkono haujafunuliwa, na uombe liandikwe. Sema kama una sukari, presha, vidonda vya tumbo, mimba, kikohozi kisichoisha, au dawa yoyote unayomeza kila siku, hata ile usiyopenda kuitaja. Unaweza kumwonyesha mhudumu kichupa chake bila kutamka neno. Uliza kama itaingia kiungoni au kwenye misuli. Taja ulidungwa lini mara ya mwisho, hata kama ni kwa mwingine. Kiungo kikivimba, kikiwa chekundu na chenye joto, na homa ikaja siku chache baadaye, usisubiri asubuhi, nenda hospitali. Madhara yakikupata, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea taarifa kutoka kwa mgonjwa pia, hazitoki kwa madaktari pekee.

Shangazi aliongezewa dawa ya sukari, na uso wake ulianza kurudi mwezi wa Kwanza. Fundi wa mbao pale sokoni alimtengenezea kigoda kirefu cha kukalia, na meza ya kuchambulia nguo, ili asichuchumae. Goti bado linauma asubuhi, na mazoezi ya paja aliyofundishwa huyafanya akiwa amekaa huku akingoja wateja. Mimi nilichukua lile daftari, nikaandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada: triamsinoloni, miligramu 40, takoni, mara nne, na tarehe zake zote.

Mwezi wa Tatu alilazwa kwa upasuaji wa mawe kwenye nyongo. Daktari wa nusukaputi alikuja jioni kumwona, akafungua daftari kwa kawaida tu, kama mtu atafutaye ukurasa mtupu wa kuandikia, kisha mkono ukasimama kwenye jalada. Akamwuliza tarehe ya sindano ya mwisho. Shangazi akamwonyesha kwa kidole. Daktari akahesabu miezi kimoyomoyo, akavuta kiti, akakaa, na chini ya maandishi yangu mekundu akaandika kwa herufi kubwa kwamba damu ya mgonjwa ipimwe kotisoli saa mbili asubuhi, kabla ya chochote kingine.